Kivumbasi kinaua vijidudu. Je, kinaponya mtu?



Katika milima yetu ya Usambara ni nani asiyelijua jani la kivumbasi? Ukipita njia ya miguu kutoka Soni kwenda Bumbuli, nguo ikaligusa tu, harufu yake inakufuata mpaka nyumbani. Ni kichaka kisichozidi sana kimo cha mtu. Majani yake yana meno meno pembeni. Maua yake ni madogo, yamepangana juu ya kijiti kama shuke. Huota chenyewe kando ya shamba na nyuma ya nyumba, wala hakuna anayekipalilia. Wengine hukiita kirumbasi, wengine mvumbasha.

Kazi zake tunazijua pia. Mwenye mafua hufukizwa. Mwenye tumbo hupewa maji yake. Maharage yakikauka, majani makavu hutiwa ndani ya gunia ili wadudu wasile. Jioni mbu wakizidi, tawi huwekwa juu ya makaa.

Siku hizi tunasikia na neno jingine. Watu wanasema, "Kivumbasi kimepimwa na wataalamu, kinaua bakteria." Wauzaji wa dawa za chupa nao wamelidaka neno hilo na kulitangaza kwa sauti kubwa. Je, ni kweli au ni uongo?

Ni kweli. Lakini ni kweli iliyoishia nusu ya njia, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumpoteza mtoto wa mtu. Kwa hiyo tumeona tulifanye somo la leo. Chukueni kalamu na karatasi, maana mbele kuna hesabu kidogo.

VIJIDUDU TUNAVYOSEMA NI VIPI?

Bakteria ni viumbe hai vidogo mno. Jicho haliwezi kuviona mpaka kwa kioo cha kukuzia kiitwacho hadubini. Kila kimoja kina chembe moja tu ya uhai, na chembe hiyo imefunikwa kwa utando, kama vile maharage yalivyofunikwa kwa ganda. Bakteria wengi hawana madhara. Wengine wana faida, kama wale wanaogandisha maziwa. Lakini wapo wanaoleta jipu, kuhara damu, homa ya matumbo, kifua kikuu na aina nyingi za homa ya mapafu.

Tusichanganye mambo hapa. Malaria hailetwi na bakteria. Mafua na Uviko hazitokani na bakteria, zinatokana na virusi. Mwaka 2020 watu wengi nchini walijifunika blanketi juu ya nyungu ya majani, na kivumbasi kilikuwa miongoni mwa majani hayo. Pua ilizibuka, mtu akaona nafuu. Lakini mtu aliyezibuka pua hajaonyesha kwamba kirusi kimekufa. Tukisema leo kwamba jani linaua bakteria, tunasema bakteria tu.

HARUFU ILE NI KITU GANI?

Hebu kata jani la kivumbasi, likunje, unuse. Sasa tafuta punje moja ya karafuu, ile inayotoka Pemba na Unguja, uivunje, unuse. Harufu zinafanana. Hata wazee wetu walilisema hilo.

Mwaka 1981 wataalamu wawili wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chogo na Crank, walichapisha habari za mmea huu. Walikamua mafuta ya majani yake na kutazama yamejengwa kwa vitu gani. Kitu walichokiona kwa wingi kinaitwa eugenoli. Na eugenoli ndiyo hiyo hiyo inayojaa ndani ya karafuu. Kumbe pua za wazee wetu hazikukosea. Mimea miwili ambayo si ndugu, mmoja mti wa visiwani na mwingine kichaka cha mlimani, imetengeneza kitu kimoja.

Mwaka 1990 wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, nao waliandika juu ya majani ya kivumbasi na punje za karafuu kwa pamoja, kwa sababu vyote viwili hutumiwa Afrika Mashariki kuhifadhi nafaka. Waliona kwamba kweli vinamfukuza fukusi wa mahindi. Basi mama anayetia majani ndani ya gunia la mahindi hafanyi mchezo. Anajua analofanya.

Mafuta hayo hupatikanaje? Jani halikamuliwi kama ufuta. Mafuta yake ni ya kuruka, yaani yakipata joto hupanda hewani pamoja na mvuke. Wataalamu huweka majani katika chombo chenye maji, wakachemsha, mvuke ukapita katika bomba lililopozwa, ukageuka tena kuwa maji yenye mafuta juu yake. Wale wanaojua jinsi gongo inavyopikwa wameshaelewa. Hatuulizi wamejulia wapi.

Likumbukeni neno hili la mafuta kuruka na mvuke. Tutalirudia.

JINSI WANAVYOPIMA

Mtaalamu huchukua sahani ndogo ya kioo yenye kifuniko. Ndani yake humwaga uji mwepesi uliotengenezwa kwa agari, kitu kinachotoka katika mwani wa baharini. Uji ule ukipoa huganda ukawa laini. Huo ni chakula na kitanda cha bakteria. Halafu hupaka bakteria juu yake, sahani nzima, kama unavyopaka siagi juu ya mkate. Bakteria ni wa aina moja tu, anayejulikana kwa jina.

Kisha huchukua vikaratasi vidogo vya duara. Kimoja kimeloweshwa dawa ya jani. Cha pili kimeloweshwa dawa ya hospitali inayojulikana kuua bakteria hao. Cha tatu kimeloweshwa kile kimiminiko kilichotumika kuyeyushia dawa, bila dawa yenyewe. Vyote huwekwa juu ya sahani. Sahani huwekwa mahali penye joto kama la mwili wa mtu, usiku kucha.

Asubuhi anafungua. Bakteria wameota sahani nzima, weupe kama ukungu. Lakini kama dawa ina nguvu, kuzunguka kile kikaratasi pana duara tupu, safi. Bakteria hawakuota hapo. Mtaalamu hupima upana wa duara kwa rula, kwa milimita.

Mbona kikaratasi cha tatu kinawekwa, nacho hakina dawa? Wengi huuliza swali hili, na ni zuri. Tuseme majani yaliloweshwa katika spiriti. Spiriti yenyewe inaua bakteria. Ukiona duara tupu, utajuaje kama ni kazi ya jani au kazi ya spiriti? Kikaratasi cha tatu ndicho shahidi. Kama nacho kimefanya duara, basi jani halijathibitisha kitu. Ndugu msomaji, mtu akikuambia dawa yake imepimwa, muulize ilipimwa ikilinganishwa na nini. Ukimwona anakasirika, umeshapata jibu.

Ipo na njia ya pili, yenye maana zaidi. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo katika vichupa vingi. Kichupa cha kwanza kina dawa nyingi, cha pili nusu yake, cha tatu nusu ya nusu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila kichupa hutiwa bakteria. Mtaalamu hutazama ni kichupa gani chenye dawa kidogo kabisa ambacho bakteria wameshindwa kuota ndani yake. Hapo anapata kipimo: dawa hii inahitaji kiasi gani ili iwazuie.

KIVUMBASI KILIPATA MAKSI NGAPI?

Kivumbasi kinaota nchi nyingi za joto. Huko Brazili wana mmea huu huu, na mwaka 1999 wataalamu wa kwao walichapisha vipimo vya mafuta yake. Tuvitazame.

Bakteria aitwaye Staphylococcus, yule wa majipu na vidonda vyenye usaha, alizuiwa na miligramu 0.75 za mafuta katika kila mililita 1. Bakteria wa kuhara damu, pamoja na Salmonella mmoja ambaye ni ndugu wa yule wa homa ya matumbo, na wengine wa tumboni, walihitaji kati ya miligramu 3 na 12 katika kila mililita. Yupo mwingine, aitwaye Pseudomonas, anayependa vidonda vya moto. Huyo walimpa mpaka miligramu 24, akaendelea kuota kama kawaida.

Mwaka 2007 wataalamu wa Kenya nao walipima mafuta ya kivumbasi kilichoota mashariki ya nchi yao. Waliona eugenoli ni sehemu 68.8 katika kila sehemu 100 za mafuta, na mafuta yaliwazuia bakteria wa aina mbalimbali. Basi Dar es Salaam, Nairobi, Kenya ya mashariki na Brazili wanakubaliana juu ya jambo kubwa.

Eugenoli huwaua vipi? Inaharibu ule utando tuliosema, ganda la chembe. Vilivyo ndani vinavuja nje, bakteria anakufa.

Mpaka hapa mwuza chupa anacheka kwa furaha. Sasa tufanye hesabu.

HESABU YA MTOTO

Miligramu 1,000 ni gramu 1. Mililita 1,000 ni lita 1. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5. Hayo tulijifunza darasani.

Mtoto wa miaka 2 ana damu kama lita 1 mwilini. Yaani mililita 1,000. Tuseme bakteria wameingia katika damu yake, nao ni wale wanaohitaji miligramu 3 mpaka 12 katika kila mililita. Je, damu yake inatakiwa iwe na mafuta kiasi gani?

Kwa kiasi cha chini: 1,000 mara 3 ni miligramu 3,000, yaani gramu 3.

Kwa kiasi cha juu: 1,000 mara 12 ni miligramu 12,000, yaani gramu 12.

Hiyo ni ndani ya damu peke yake. Tunajua dawa haikai katika damu tu. Inaingia katika nyama, na ini huivunja na kuitoa nje. Kwa hiyo ingebidi kumnywesha zaidi ya hapo.

Sasa sikilizeni habari hii. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika juu ya mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mafuta ya karafuu kwa bahati mbaya, kati ya mililita 5 na 10. Mafuta ya karafuu ni eugenoli karibu yote. Mtoto yule alipoteza fahamu, akapata degedege, ini lake likadhurika. Ilibaki kidogo afe. Aliponea hospitali.

Mililita 5 za mafuta hayo ni gramu 5 na kidogo. Mililita 10 ni gramu 10 na kidogo. Tazameni tena hesabu yetu: gramu 3 mpaka 12. Kiasi kinachotakiwa kuua bakteria katika damu ya mtoto ndicho kile kile kinachotaka kumwua mtoto.

Hapa ndipo ile kweli ya nusu njia ilipokatikia. Katika sahani ya kioo kuna bakteria tu. Hakuna ini, hakuna figo, hakuna mtoto. Jiki pia inaua bakteria katika sahani, tena haraka. Moto unawaua. Chumvi nyingi inawaua. Hakuna anayesema tunywe Jiki. Kuua bakteria ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kumwua bakteria na kumwacha mgonjwa salama.

Penisilini ilisifiwa dunia nzima kwa sababu hiyo. Mwaka 1928, kule London, Alexander Fleming aliona duara tupu katika sahani yake, kuzunguka ukungu ulioanguka humo. Duara kama lile lile la kivumbasi. Tofauti ni kwamba penisilini inamzuia Staphylococcus ambaye hajawa sugu kwa kiasi kidogo mara maelfu kuliko mafuta ya kivumbasi, na watu wengi wanaweza kuipokea bila madhara. Na kutoka duara lile mpaka dawa kuwafikia wagonjwa wengi ilipita miaka zaidi ya 10 ya kazi.

LAKINI SISI TUNACHEMSHA, HATUNYWI MAFUTA

Ni kweli, na hapo pana jambo jingine. Mama anachemsha majani katika sufuria, wazi, dakika 20 au zaidi. Chumba kizima kinanukia. Kile kinachonukia ni nini? Ni ile eugenoli. Inapanda na mvuke, inakwenda zake darini. Tulisema ni mafuta ya kuruka. Tena mafuta na maji hayapatani, kwa hiyo hata yaliyobaki ni machache katika maji. Kikombe anachopewa mtoto kina rangi na uchungu, lakini ile dawa iliyopimwa katika sahani imebaki humo kidogo sana.

Hii ndiyo sababu watu wamekunywa maji ya kivumbasi miaka mingi bila kuanguka kama yule mtoto wa Uingereza. Pia ndiyo sababu hatuwezi kuchukua sifa za mafuta tukampa sifa hizo maji ya majani. Ni vitu viwili. Na chupa ya mafuta ikiingia nyumbani, mambo yanageuka kabisa: hapo dawa ni kali, na kijiko kimoja ni kingi mno kwa mtoto. Chupa kama hiyo iwekwe juu, mbali na watoto, kama mafuta ya taa.

Jambo la tatu linawapa taabu hata wataalamu. Majani hayalingani. Huko Brazili walichuma kivumbasi saa mbalimbali za siku. Saa 6 mchana mafuta yalikuwa eugenoli karibu yote. Saa 11 jioni eugenoli ilikuwa imeshuka sana. Na kuna kivumbasi cha nchi nyingine, kama cha Afrika Magharibi, ambacho mafuta yake mengi si eugenoli bali ni timoli, kitu kingine kabisa, ingawa mmea ni ule ule kwa sura. Wazee wetu wengine hushika sana saa ya kuchuma dawa. Vijana huwacheka. Sisi tunaona wasichekwe mpaka wapimiwe.

Hata jina lina mtego. Mahali pengine kivumbasi ni mmea mwingine, mdogo, ndugu wa huu. Na mrihani wa pwani ni ndugu yao pia. Ndiyo maana wataalamu hutumia jina la Kilatini, Ocimum gratissimum, ambalo katika vitabu vya zamani utaliona limeandikwa Ocimum suave. Mtaalamu akichuma jani hulikausha, hulibandika juu ya karatasi, akaandika mahali, tarehe na jina. Hapa Lushoto kwenye kituo cha utafiti wa misitu kuna akiba ya majani makavu ya namna hiyo, yaliyokusanywa miaka mingi. Mtu akibisha, karatasi inatolewa. Jani la kwenye karatasi halidanganyi.

MTOTO ANAPOUGUA

Tuseme ni msimu wa mvua. Njia ya kwenda zahanati imejaa utelezi, bodaboda inataka fedha, na mtoto anahara tangu jana. Bibi anasema, "Chumeni kivumbasi kwanza." Tusimlaumu bibi. Amelea watoto wengi. Lakini kinachoua mtoto anayehara, mara nyingi, ni maji kumwishia mwilini. Kwa hiyo cha kwanza ni maji. Pakiti ya chumvi maalumu ya ORS ndiyo bora. Kama haipo, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara, na kunyonya kusiachwe. Zahanati watampa na vidonge vya zinki.

Ukiona damu katika choo, au mtoto amelegea, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au ana degedege, hapo usingoje sufuria ichemke. Mpelekeni.

Kikohozi nacho kina hesabu yake. Mtoto akiwa ametulia, mwinue nguo, tazama kifua, hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima kwa saa. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika pumzi 50 au zaidi, ni hatari. Wa mwaka 1 mpaka asiyefika miaka 5, pumzi 40 au zaidi ni hatari. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, ni hatari zaidi. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 akiugua, asikae nyumbani hata kidogo. Homa ya mapafu inataka dawa ya kuua bakteria ya hospitali, kwa kipimo, mpaka iishe. Kufukiza mtoto mdogo juu ya maji ya moto hakumsaidii, na wako walioungua kwa njia hiyo.

Mkifika zahanati, mwambieni mganga au muuguzi kila kitu mlichompa mtoto, majani na vidonge. Wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa. Tunajua, wapo wahudumu wenye maneno makali. Semeni hivyo hivyo. Dawa mbili zinaweza kugombana mwilini, na anayeumia ni mgonjwa.

BASI TUKING'OE?

La! Nani amesema? Kivumbasi kina kazi zake za kweli. Ndani ya maghala kinafukuza wadudu, ingawa hakiwamalizi, kwa hiyo mbegu na chakula vikauke vizuri kwanza. Wataalamu wa Kenya waliona mwaka 1995 kwamba mafuta yake yanawafukuza hata kupe wa ng'ombe. Moshi na harufu yake hupunguza mbu, ila chandarua kisiachwe. Na mtu mzima mwenye mafua, akinywa kikombe kimoja kwa kuburudika, hatutamkataza.

Tena wataalamu hawajaacha kutafuta. Bakteria wengi wamekuwa sugu kwa dawa za hospitali, kwa sababu dawa zimetumiwa ovyo, nusu dozi leo, vidonge viwili vya kuazima kesho. Dawa mpya zinahitajika, na majani ni mahali pamoja pa kutazama. Nchi yetu ililiona hilo mapema. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 2000 wataalamu, pamoja na mmoja wa Muhimbili, walichapisha orodha ya mimea ya dawa ya Washambaa. Yaani mambo ambayo mababu walikuwa wakiambiana kwa mdomo sasa yameandikwa, na yanasomwa Ulaya.

Hilo linatuleta kwenye jambo linalotukera kidogo. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau alilolikuta Usambara. Mwaka 1893 likaandikwa katika vitabu kwa jina lake, Saintpaulia. Leo linauzwa katika vyungu karibu dunia nzima, na wengi wanaolinunua hawajui Usambara iko wapi. Na majani ya dawa je? Tangu mwaka 2002 Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, Sheria Namba 23, na waganga wanatakiwa kusajiliwa. Mtafiti akija kijijini kuuliza majani, apite kwanza katika serikali ya kijiji na aonyeshe kibali chake. Mzee anayejua dawa anayo haki ya kuuliza: jina langu litaandikwa wapi, na majibu mtanirudishia lini? Tumesikia mara nyingi wazee wakisema walichukuliwa majani, hawakuona tena barua wala mtu. Sasa mnajua kusoma na kuandika. Takeni karatasi, na nakala ibaki kijijini.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kama kila mililita inahitaji miligramu 12 za mafuta ya kivumbasi, jumla ni gramu ngapi? Ni kama vijiko vingapi vya chai? (Kijiko kimoja cha mafuta haya kina uzito wa gramu 5 na kidogo.)

2. Kwa nini mtaalamu aliweka kikaratasi kisicho na dawa katika sahani?

3. Chemsheni majani ya kivumbasi katika sufuria mbili kwa muda ule ule, moja yenye kifuniko, nyingine wazi. Zipoe, halafu nuseni maji yake. Ipi ina harufu zaidi? Kwa nini?

4. Katika kijiji chenu, ni majani gani mengine yanaitwa kwa jina moja nayo ni mimea tofauti? Waulizeni wazee, mwandike majina, na mkaushe jani la kila mmea.